Funda la Kwanza

Mzee Hezroni wa Shighatini alipokaribia kutimiza miaka themanini, watoto wake walimuuliza anataka zawadi gani. Walitegemea aseme blanketi, au redio, au basi ndama wa maziwa. Mzee akawajibu kwamba mablanketi anayo mawili na mke anaye mmoja, baridi ya Ugweno haina pa kumpatia. Redio nayo ya nini, wakati yeye mwenyewe ndiye aliyefundisha kwaya ya usharika ule tangu enzi na enzi, na sauti bado anayo? Alichotaka ni kimoja tu: mke wa mwanawe Godwin apande mlima aje amchanganyie kile kinywaji chake cha uchungu na utamu kinachosifiwa, palepale nyumbani, kwa mkono wake mwenyewe.

Jesca, huyo mke wa Godwin, aliipokea habari kwa simu akiwa nyumbani kwake Same, amekaa ukingoni mwa kitanda, amekumbatia ndoo. Alimwambia baba mkwe, "Sawa baba, ni hilo tu? Nitakuja," kwa sauti ya uchangamfu kabisa. Kisha akakata simu na kurudi kwenye ndoo.

Tusizungushane. Jesca alikuwa mjamzito. Mimba yenyewe ilikuwa changa, ya kujulikana na watu watatu tu chini ya jua: yeye, Godwin, na nesi mmoja wa kliniki ambaye Jesca alimkazia macho mpaka akaapa bila kuombwa. Na Jesca alikuwa amejiwekea nadhiri kwamba hakuna wa nne atakayejua mpaka tumbo liseme lenyewe.

Sababu anayo, na ni sababu nzito. Mara mbili huko nyuma alishika mimba, na mara mbili ikaharibika kabla nguo hazijaanza kumbana. Mara zote mbili alikuwa ameshamwambia mama mkwe wake, Mama Eliwaza. Na Mama Eliwaza, Mungu ambariki, ana moyo mkubwa kuliko nyumba yake, na mdomo mkubwa kuliko moyo. Akiambiwa asubuhi, mchana akina mama wa usharika wanapanda njia na mikungu ya ndizi, jioni mbuzi ameshachaguliwa. Halafu mambo yalipoharibika, akina mama walewale walipanda njia ileile, na ndizi zilezile, ila nyuso zimeinama. Kuwapokea wale watu, kuwapa viti, kuwaambia asanteni kwa kuja, hilo lilimuumiza Jesca kuliko maumivu yenyewe. Ndiyo maana safari hii alikaa kimya. Hata kufurahi alijinyima. Furaha ikimjia aliifukuza, akaendelea kuosha vyombo.

Sasa shida ya kinywaji iko wapi? Kuchanganya si shida. Kuchanganya ndiyo kazi yake. Jesca ndiye malkia wa kaunta ya hoteli moja ya barabarani pale Same, wanapoteremka wasafiri wenye vumbi na kiu, na kinywaji hicho alikibuni mwenyewe siku ambayo mzigo wa chupa za nje ulichelewa. Wiski kidogo. Kahawa ya mlimani iliyochemshwa na sukari guru mpaka ikawa nzito, inaning'inia kwenye kijiko. Na ganda la danzi, lile chungwa chungu ambalo watu wengine hulitupa. Ukipiga funda unakunja uso, unataka kumgombeza aliyekupa, halafu utamu unafika nyuma ya ulimi na unajikuta unasogeza glasi uongezewe. Godwin alishamsimulia baba yake habari hiyo mara mia, na Jesca alishamwahidi mzee mara mia kwamba iko siku.

Shida ilikuwa ni sheria ya nyumba ile. Kwa Mzee Hezroni, kinywaji hakinywewi kabla aliyekiandaa hajapiga funda la kwanza mbele za watu. Iwe chai, iwe uji, iwe dengelua, ile pombe yao ya miwa, aliyeandaa ndiye anayeonja. Akionja ameapa kwamba kilichomo humu si kibaya. Asipoonja, basi amesema jambo jingine, na kule mlimani kila mtu analijua ni jambo gani. Mzee hana mchezo na hilo. Mgombea udiwani mmoja alimpelekea soda, chupa imefungwa na kiwanda chenyewe, akaambiwa afungue aonje. Na akaonja, maana kura alikuwa anazitaka. Jesca mwenyewe, tangu alipoolewa, ameonja kila kitu katika nyumba ile bila kinyongo, na wifi yake Magreth humtania kwamba akiambiwa aonje uji, mgeni anabakiziwa bakuli.

Kuna watakaosema, funda moja lina nini? Waseme. Jesca hakutaka tone. Angekuwa tayari kumkosea ulimwengu mzima, lakini si huyu aliyemo tumboni.

"Tuwaambie tu," Godwin alisema jioni ile, huku akimkanda miguu. "Mama atafurahi."

"Hicho ndicho ninachokiogopa."

"Basi sema umeokoka, umeacha pombe."

"Nikiokoka, mama yako atanisimamisha kanisani nitoe ushuhuda kabla sijateremka kwenye gari."

Godwin akafikiri. Ni mwanamume mzuri, fundi wa magari anayeaminika, lakini kudanganya hakujaliwa kabisa. Uso wake ni dirisha lisilo na pazia. "Sema unatumia dawa," akasema mwishowe.

"Dawa gani? Ya nini? Nani kakuandikia? Hebu nione boksi." Jesca alimwiga mama mkwe sawasawa, mpaka Godwin akacheka.

Ikabaki njia moja: kuigiza. Kikombe kiende mdomoni, midomo ilowe, kikombe kirudi. Wakafanya mazoezi na maji, Jesca mbele ya kioo, Godwin amekaa kitandani kama hakimu.

"Umekunywa," Godwin alisema.

"Sijanywa."

"Kweli hujanywa?"

"Tone halijaingia."

"Basi tumeshinda," akasema Godwin, na akalala usingizi mzuri. Jesca hakulala mapema.

Jumamosi yenyewe walikodi gari. Godwin alimkalia dereva kooni njia nzima, polepole hapo, kuna shimo hilo, punguza bwana, mpaka dereva akauliza kama wamebeba mayai. Walipoiacha lami pale Mwanga na kuanza kupanda, hewa ikapoa, migomba ikaanza kusogea karibu na barabara, na Jesca akafungua dirisha akavuta pumzi. Kichefuchefu kilimwachia kidogo. Nyuma ya gari lilikuwepo deli la barafu, chupa ya wiski, na mfuko wa madanzi aliyoyachagua sokoni moja moja.

Mama Eliwaza aliwapokea njiani, khanga mbili kiunoni, mikono imenyooshwa tangu mbali. "Mbona umepauka hivi, mwanangu? Huko Same hamli? Godwin, unamfanya nini mtoto wa watu?" Alimkumbatia Jesca, akamgeuza, akamwangalia mbele na nyuma, akamkumbatia tena. Jesca alibana tumbo ambalo hata halijatokeza.

Mzee Hezroni alikuwa barazani kwenye kiti chake, amevaa koti la suti na kofia ya siku kuu. Pembeni yake amekaa rafiki yake wa tangu ujana, Mzee Gideoni, aliyewahi kuimba besi katika kwaya yake na ambaye hajawahi kukubaliana naye jambo lolote.

"Shikamoo baba," Jesca alisema, akapiga goti kidogo.

"Marahaba, mwanangu. Marahaba sana." Mzee akatupa macho nyuma yake. "Mmekuja na gari la kukodi. Hoteli yenu imechimba dhahabu?"

"Ni barafu, baba. Barafu haipandi bodaboda."

"Kumbe," alisema Mzee Hezroni, akaliangalia lile gari kwa muda.

Mchungaji alikuwa ameshapita asubuhi, ameombea siku, amekula, na ameaga mapema kwa heshima ya pande zote mbili. Waliobaki walikuwa ni ndugu, majirani, na wale wanakwaya wa zamani wenye magoti mabovu na sauti nzima. Meza ikawekwa barazani, maana mzee alisema anataka kuona kila kitu kwa macho yake. Jiko la mkaa likaletwa. Magreth akaleta kahawa ya shambani kwao, imekaangwa alfajiri na kutwangwa, bado ina joto la kinu.

Na harufu ile ndiyo ilitaka kummaliza. Siku zote Jesca aliipenda kahawa kuliko manukato, lakini mtu aliyemo tumboni alikuwa na maoni yake. Alipomimina unga wa kahawa kwenye maji ya sukari guru na mvuke ukampanda puani, macho yalimtoka machozi. Akachuma jani la mchaichai lililokuwa karibu na ngazi, akalisugua mkononi, akalinusa kama mtu anayetafuta la kusema. Tumbo likatulia.

"Unanusa nini, wifi?" Magreth aliuliza.

"Napenda tu."

"Na mbona leo huonji-onji? Siku zile unadondosha mkononi unalamba, unadondosha unalamba."

"Mkono umeshazoea," Jesca alisema.

Ulikuwa umezoea kweli, lakini mazoea na uhakika ni vitu viwili. Alichanganya kwa macho na kwa pua tu. Aliangalia jinsi kahawa ilivyoteremka ndani ya wiski kwa mkanda mweusi. Alikoroga kwa kijiko kirefu, akasikiliza barafu inavyogonga jagi, maana barafu ikianza kuyeyuka sauti yake hulegea. Kisha akachuna ganda la danzi, pana, bila ile nyama nyeupe, akawasha kiberiti, akaliminya ganda juu ya moto. Mafuta yake yakaruka yakawaka cheche, na baraza zima likanukia. Watoto wa Magreth wakataka arudie. Wazee wa kwaya nao wakataka arudie, ila wao waliona aibu kusema.

Mzee Hezroni akaikataa glasi. Alitaka kikombe chake cha bati, kile cheupe chenye ukingo wa bluu. Jesca akamimina, akakijaza vizuri, akatumbukiza ganda. Mzee alikunja mikono juu ya fimbo yake akasubiri. Wote walisubiri. Ndugu zangu, hakuna kimya kizito kama cha watu wanaokutazama unywe.

Jesca akainua kikombe. Aliweka midomo, akakiinamisha, ubaridi ukamgusa, akafumba midomo kwa nguvu zote alizonazo, akahesabu moja, mbili, akakishusha. Akajipangusa mdomo kwa mgongo wa kiganja. Ilikuwa safi kuliko hata kule kwenye kioo.

"Amekunywa," Godwin alisema kwa sauti kubwa.

Hakuna aliyemuuliza. Watu wote wakageuka wakamtazama. Godwin akawa mwekundu kwa namna ambayo mtu mweusi huwa mwekundu, yaani masikio yakamsimama.

"Nani kauliza?" Mzee Gideoni alisema.

Mama Eliwaza akasogea mbele, akakunja macho. "Hebu onja tena, mwanangu. Mimi sikuona vizuri."

Kikombe kilikuwa bado mkononi mwa Jesca, barafu inaelea, kila mtu anamtazama. Alijiona ameshapatikana. Akionja, amevunja nadhiri. Asipoonja, amemtukana baba mkwe mbele ya ukoo mzima siku yake ya kuzaliwa. Akisema kweli, kesho akina mama wanapanda njia na ndizi.

"Mimi nimeona," Mzee Hezroni alisema. "Ameonja. Lete hapa."

Alinyoosha mkono akakichukua. Akakipeleka mdomoni, kichwa kikarudi nyuma, kofia ikataka kudondoka. Akashusha, akapangusa masharubu upande huu na upande huu. "Kichungu," akasema. Watu wakasubiri. "Halafu kitamu. Halafu kichungu tena. Huyu mtoto anajua kazi." Baraza likalipuka kwa vigelegele. Jagi likazunguka, wazee wakapewa glasi zao, na Godwin alijificha nyuma ya nguzo.

Basi ingeishia hapo, ingekuwa sherehe kama sherehe nyingine. Lakini mzee akaanza mambo.

Kwanza alikaa kimya akitazama migomba, na macho yakamjaa maji. Mzee Gideoni akamuuliza kama ni wiski inayompanda. Mzee Hezroni alikiweka kikombe chini ya kiti chake, akakifunika kwa kofia nzi wasiingie, akasimama, na akaanza kuimba. Aliimba teno, ile sauti ya juu ya wanaume, kwa nguvu ambazo watu hawakuzisikia tangu alipostaafu. Wanakwaya wakatazamana, wakaitikia. Kufika ubeti wa pili mzee akaanza kucheza. Fimbo aliitupa. Alicheza akizunguka meza, akamfuata mke wake pale alipokuwa anapakua pilau, akamwondoa mwiko mkononi, akambusu kwenye paji la uso mbele ya wajukuu, majirani na wazee wawili wa kanisa.

"Hezroni," Mama Eliwaza alisema, ameziba mdomo kwa khanga. "Hezroni, una wazimu?"

"Ninao," mzee alijibu. "Ulichelewa kuuona."

Kila baada ya muda alirudi kwenye kiti, akainama, akainua kikombe, akarudisha kichwa nyuma, akapangusa masharubu, akarudi kucheza. Akatangaza kwamba mbuzi aliyefungwa kwa ajili ya Krismasi achinjwe leo leo. Akamwambia Magreth kwamba yeye ni mwanawe mzuri na hajawahi kumwambia, na Magreth akaangua kilio palepale. Akamkumbatia dereva wa gari la kukodi, mtu asiyemjua kabisa, akamshukuru kwa kuendesha polepole.

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Jesca hakucheka. Jesca alikuwa anahesabu. Alimimina mara ngapi? Pale Magreth alipomsemesha habari ya kuonja, si alikuwa ameshika chupa? Je, alimimina, akajibu, akamimina tena? Angeonja angejua. Hakuonja. Na yule ni mtu wa miaka themanini, mwenye moyo wa miaka themanini, anarukaruka juu ya simenti. Aanguke sasa hivi, na watu watauliza kikombe kilionjwa na nani. Jasho likamteremka mgongoni katika ubaridi wote ule wa mlimani.

Mama Eliwaza akamjia, nusu anacheka, nusu amekasirika. "Jesca, umemwekea nini baba yako? Mwanamume huyu hajanibusu mchana tangu tuoane."

"Kawaida tu, mama."

"Kawaida gani hii?"

Mzee Gideoni naye alikuwa na lake. Alikuwa ameinua glasi yake tupu anaichungulia. "Mimi nataka kuuliza," alisema. "Mbona mimi sijalewa? Jagi ni moja. Mwenzangu amepewa wiski, mimi nimepewa kahawa ya wagonjwa. Huu ni upendeleo, na sishangai, alianza tangu kwaya."

Jesca akamsikia, na akazidi kuchanganyikiwa, maana ni kweli jagi lilikuwa moja. Akajaza maji kwenye glasi kubwa. Alikusudia kumnywesha mzee maji na kumwondolea kile kikombe kabla hajakimaliza. Mzee alikuwa huko uani anamfundisha Godwin hatua za kucheza, na Godwin anamkanyaga. Jesca akainama nyuma ya kiti, akaondoa kofia, akakiinua kikombe.

Kilikuwa kizito. Akakitazama. Kilikuwa kimejaa mpaka juu, kama alivyokimimina, isipokuwa barafu ilikuwa imeyeyuka na ganda la danzi linaelea kwa starehe zake.

"Weka chini taratibu," ilisema sauti nyuma yake. "Kikimwagika watu wataanza kuuliza."

Mzee Hezroni alikuwa amesimama pale, kanyooka, macho makavu, hahemi hata kidogo. Akaketi kwenye kiti chake, akachukua glasi ya maji aliyoshika Jesca, akainywa yote kwa kiu ya mtu aliyecheza sana. Halafu akakumbuka kitu, akamtazama.

"Haya ni maji tu, baba," Jesca alisema. "Lakini sikuyaonja."

"Ya maji nitakusamehe."

"Baba, hukunywa hata kidogo?"

"Kikombe kisichoonjwa sinywi. Hilo umelijua tangu ulipoingia nyumba hii."

Jesca akahisi uso unamchoma. Akapiga goti kando ya kiti, akijifanya anaokota maganda. "Lakini ulisema umeona."

"Niliona. Nimefundisha kwaya maisha yangu yote, mwanangu. Kila kwaya ina mtu anayefungua mdomo na hatoi sauti. Huyo simtafuti kwa masikio, namtafuta kwa koo. Koo lako halikusogea." Alisema hayo akitazama uani, anatabasamu na watu wa kule kama vile wanazungumza habari za mvua. "Mke wa Godwin, anayeonja uji mpaka mgeni anakosa, amekataa funda la mkono wake mwenyewe. Amekuja kwa gari la kukodi, dereva anasema ameendeshwa kama mayai. Na mume wake anapiga kelele ambazo hakuulizwa."

"Nisamehe, baba."

"Nikusamehe nini? Mimi sijakuuliza kitu, na wewe hujaniambia kitu. Mama yako hajui. Hatajua mpaka siku utakayotaka wewe, hata kama ni siku ambayo kila mtu anaona. Yale ya nyuma nayakumbuka. Nilikuwa naona wanavyopanda njia, na sikuweza kuwazuia." Mzee akapangusa masharubu ambayo hayakuwa na kitu. "Lakini sasa, hii furaha ningeipeleka wapi? Nilijaribu kukaa nayo kimya pale kwenye kiti, ikaanza kunitoka machoni. Gideoni akauliza kama ni wiski. Nikaona, kumbe, njia ndiyo hiyo."

Machozi yalimshuka Jesca, na wakati huohuo kicheko kilikuwa kinampanda kutoka chini kabisa, kutoka mahali alipokuwa amekifungia wiki zote zile. Alifunika uso kwa upindo wa khanga, mabega yanatikisika. Alifurahi. Alifurahi waziwazi, mbele ya watu, na hakuifukuza.

"Hayo, vizuri," mzee alisema. "Mimi na wewe tumelewa. Mwakani utanichanganyia kingine, na hicho utaonja mwenyewe." Akashika mkono wa kiti, akainuka, akaiweka kofia kichwani upande, ovyo kabisa. "Sasa niache niende. Nikionekana mzima watashangaa."

Na palepale miguu ikamlegea, kichwa kikainama, akaondoka anayumba kuelekea uani, akaanza tena ule wimbo kwa ufunguo mwingine kabisa. Godwin akamwahi asianguke. Mzee Gideoni akasema haya ni mambo ya aibu, akaenda kuitikia besi.

"Jesca," Mama Eliwaza alipaza sauti kutoka kwenye sufuria la pilau, mwiko juu. "Usimpe kingine huyo mwanamume, umenisikia?"

"Nimesikia, mama," Jesca alisema, huku akipangusa macho. "Simpi kingine mpaka mwakani."